Neno la Kichwa Wazi

Huyu mama ninayeandika habari zake tulimwita Kufuli. Jina hilo alipewa na mpiga pasi wa karakana yetu ya kushona, na halikuwa tusi. Alitunza ufunguo wa stoo, ameufunga kwa utepe wa bitana shingoni, na mdomo wake nao ulikuwa vivyo hivyo, haufunguki ovyo. Ukimwachia neno leo, mwakani utalikuta pale pale ulipoliweka, halijaliwa na mende.

Miaka kumi na tisa alikaa na ufunguo ule. Majora ya vitambaa, mabunda ya uzi, zipu, vifungo, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna siku tuliyosikia kitu kimepungua. Tajiri wetu, mwenye karakana, alikuwa na msemo wake: "Nikitaka kujua ukweli wa humu ndani siulizi watu ishirini. Namuuliza Kufuli, halafu naenda zangu kulala."

Sasa ufunguo huo hauko naye. Wengi wanasema uliondoka kwa sababu ya mchezo. Mimi nashona vifungo, meza yangu iko hatua nne kutoka mlango wa stoo, na kwa nionavyo mchezo ulikuwa sindano tu. Uzi ulikuwepo siku nyingi.

Kufuli alizaliwa wa nne kati ya wanane, mama yao akiwa mfua nguo za watu. Alisoma mpaka darasa la saba na mwandiko wake ni mzuri hadi leo, herufi zimesimama kama mishono ya mashine mpya. Akaolewa na fundi cherehani, mtu mpole mwenye kifua kibovu. Walinunua cherehani yao wenyewe, wawili, yeye akishona mchana na mumewe jioni, mpaka jirani wakasema ile mashine hailali. Walipata mabinti wawili. Wa pili alikuwa bado anatambaa baba yake alipofariki.

Marehemu alikuwa na mdogo wake, na huyo ndiye mtu wa pili katika habari hii. Ni mkataji wetu pale karakana, mtu wa mabavu, mwenye mkasi ambao mwingine haruhusiwi hata kuusogeza. Siku watu walipotawanyika msibani, alikuja na mkokoteni akaibeba ile cherehani.

"Kaka aliniachia mimi," alisema mbele ya wazee wa ukoo. "Aliniita kitandani, akaniambia kwa mdomo wake."

Kufuli alijua mumewe hakutoa neno siku tatu za mwisho. Hata maji aliyaomba kwa macho. Na mdogo mtu alifika ndani ya siku hizo tatu, kabla ya hapo hakuwahi kuonekana mlangoni. Lakini mjane mwenye mtoto mgongoni atagombana na ukoo mzima kwa nguvu gani? Akanyamaza. Miezi miwili baadaye, shemeji huyo huyo akamleta karakana, akamwombea kazi kwa tajiri. Watu wakamsifu kwa moyo wake wa huruma, naye hakuwaacha wasahau.

"Huyu shemeji yangu nimemleta mimi hapa," alikuwa akisema, mwenyewe amesimama mbele yake anasikia. "Bila mimi angekuwa anaokota vipande chini ya meza."

Kufuli anatabasamu kidogo, anapima kitambaa, anaandika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wenyewe ulichelewa mpaka nikadhani wahenga mara hii wamekosea.

Mchezo uliletwa na fundi mitambo, yule anayerekebisha mashine zetu. Alijifunza kwenye kiwanda alichofanyia kazi zamani. Alichukua boksi la zipu, akalipasua, akalitandaza, akachora kwa chaki ya kushonea nchi nne: Kaskazini, Bonde, Kisiwa na Msitu. Askari walikuwa vifungo, kila nchi na rangi yake. Kila siku kwenye mapumziko ya saa nne, wachezaji wanne wanaandika amri zao kwenye vikaratasi, wanavitia kwenye kopo la pini, na yeye kama mwamuzi anavisoma vyote kwa mpigo. Nguvu zikilingana hakuna anayesogea, kwa hiyo ukitaka kumtoa mtu kwake lazima umpate mwenzako mwende wawili. Nchi iliyoachwa tupu, hata kifungo kimoja kinaingia. Basi mchezo mzima ni maneno kabla ya kuandika: kuahidiana, kutishana, kubembelezana, na mwishowe kuuzana.

"Na uongo je?" aliuliza mshona kola siku ya kwanza. Huyo tunamwita Redio, maana hana swichi ya kumzima.

"Uongo ruksa," alijibu fundi mitambo. "Lakini una sheria."

Wakati huo tulikuwa tunashona kofia za walinzi, na zilizoharibika zilijaa kapuni. Kila mchezaji akapewa moja. Ukiivaa, wewe si wewe, ni nchi: sema utakalo, apa utakavyo, hakuna wa kukushika shati. Ukiivua, umerudi kuwa mtu, na neno la kichwa wazi lazima liwe la kweli.

"Tusipofanya hivyo," alisema, "mtu ataomba sindano mumnyime mkidhani ni vita."

"Na mimi mwenye kitambaa kichwani?" aliuliza Kufuli.

"Kofia juu ya kitambaa, mama. Mungu atajua tofauti."

Aliyemwingiza Kufuli mchezoni alikuwa mkataji. Walikuwa watatu, yeye, mpiga pasi na Redio, wanatafuta wa nne. "Nipeni shemeji yangu awe jirani yangu," alisema. "Huyu hajui kudanganya. Atakuwa ukuta wangu wa nyuma." Akachukua Bonde, akajiita Jemadari. Kufuli akapewa Kaskazini, mpiga pasi Kisiwa, Redio Msitu.

Siku mbili za kwanza alivaa kofia kama aliyebebeshwa ndoo ya maji yanayochuruzika. Anasema, "Naomba, kama hamtajali, nisogee hapa." Tukamcheka. Siku ya tatu Redio akamjia, kofia upande, tumbo mbele.

"Ewe Kaskazini, Msitu unaomba njia tupite kwako."

Kufuli akainua kidevu. Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia. "Malkia anasema njia ipo. Lakini ni nyembamba, na wewe mgeni wetu ni mnene. Utapita ubavu ubavu?"

Karakana ilipasuka kwa kicheko. Redio mwenyewe alicheka mpaka akashika mashine. Tangu siku hiyo Kufuli alikuwa Malkia kila saa nne, na Malkia alikuwa hatari. Alimwahidi mpiga pasi bandari asubuhi, akamnyang'anya vifungo viwili kabla chai haijapoa. Mpiga pasi akapiga meza, akasema, "Nimeliwa mchana kweupe!" akacheka, yakaisha. Ilikuwa ndani ya kofia.

Siku moja tukifagia vipande pamoja aliniambia, "Dada, nikivaa ile kofia ni kama mtu amenifungulia dirisha. Halafu naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba napenda."

Nilimwambia mchezo ni mchezo, Mungu haangalii vifungo. Leo nisingemjibu haraka vile.

Mkataji, yeye, hakubadilika kwa kofia. Jemadari alikuwa yule yule mkataji, kelele tu zimeongezeka. Alikuwa akimwinamia Kufuli begani wakati wa kuandika. "Andika ninavyokwambia. Wewe umezoea kupima, vita waachie wenyewe." Mchezo ukamnyookea. Siku ya thelathini na nane Kisiwa kilikuwa kimebakiwa na bandari moja tu, na akiichukua ameshinda. Asubuhi hiyo alikuwa akizunguka kati ya mashine anajitapa.

"Kaskazini nimeiumba mimi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mtaani. "Kama nilivyomleta mwenyewe hapa. Nikimwambia kaa, anakaa."

Kufuli alipita na jora begani.

Yaliyotokea stoo kabla ya mapumziko hakuna aliyeyaona. Nimeyasikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana hata neno. Mkataji aliingia akafunga mlango. Kufuli alikuwa anapima bitana, kofia kichwani, maana siku hizo aliivaa mapema.

"Shemeji, vua kofia."

Akaivua, akaiweka juu ya jora.

"Na mimi hii hapa, nimevua. Sasa siongei na Malkia. Naongea na mke wa kaka yangu. Leo natoa vifungo vyangu vyote kwenda bandarini. Nyumbani nabakiza upepo. Utaniingilia?"

"Siingii, shemeji."

"Apa."

"Kwani neno langu hulijui?"

"Nalijua," alisema, akacheka. "Ndiyo maana nilikuchagua."

Saa nne ikafika. Fundi mitambo akafungua kopo, akasoma. Bonde: vifungo vyote bandarini. Kisiwa: wanabaki kulinda, na Msitu wanawasaidia. Halafu akafungua kikaratasi cha mwisho, kile cha mwandiko mzuri, akakitazama mara mbili.

"Kaskazini. Vifungo vyote viwili vyaingia Bonde."

Redio alipanda juu ya stuli. "Jemadari kalala nje! Kafungiwa mlango na shemejiye!" Mpiga pasi aliimba, akazungusha shati la watu hewani kama bendera. Hata mafundi wasiocheza waliacha mashine wakaja kuona vifungo vyekundu vya Malkia vimekaa katikati ya Bonde.

Mkataji hakucheka. Alimtazama Kufuli mpaka kelele zikapungua zenyewe.

"Kichwa wazi," alisema. "Aliniambia haingii, kichwa wazi, ananitazama machoni."

"Aaa! Aliyeshindwa hakosi la kusema," alidakia Redio.

"Kichwa wazi!"

Alikwenda kwenye meza yake, akalaza kofia yake, akaushika ule mkasi ambao haugusi kitu kingine ila kitambaa kizuri, akaikata kofia vipande viwili, ukingo na yote. Akavitupa miguuni pa Kufuli.

Sisi tukamgeukia Kufuli. Alikuwa amevaa yake. "Malkia," alisema, "hajibizani na mateka."

Tulicheka wote, na mimi pia, Mungu anisamehe.

Kesho yake mkataji alikwenda stoo kuchukua kitambaa. Kufuli akaanza kumpimia.

"Ngoja," alisema mkataji. "Mpiga pasi! Njoo unishuhudie."

"Nishuhudie nini?"

"Vipimo. Huyu mtu anadanganya akikutazama usoni. Nitajuaje mita yake ni mita?"

Mpiga pasi alikwenda akicheka. Siku ya pili alikwenda bila kucheka. Siku ya tatu mkataji alileta mashahidi wawili, mmoja ashike mwanzo wa kitambaa na mwingine mwisho, na Kufuli anapima katikati yao kama mwizi aliyeshikwa sokoni akiambiwa aonyeshe mifuko. Hakuvaa tena kofia. 

Ningependa kuandika kwamba sisi wengine tulimtetea. Hatukumtetea. Redio alianza kwa utani, akapewa mabunda kumi ya uzi akayahesabu upya mbele yake, moja, mbili, tatu, kwa sauti ya mwalimu. Baada ya siku chache alihesabu kwa sauti ile ile lakini utani haupo. Kufuli akisema zipu nyeusi zimekwisha, mtu anamuuliza, "Umevaa au umevua?" Akisema tajiri amechelewa, "Umevaa au umevua?" Akisema kichwa kinamuuma, hivyo hivyo. Neno hilo lilizunguka karakana kama nzi. Mtu aliyekuwa akiulizwa ukweli wa watu ishirini, sasa watu ishirini walikuwa hawamwamini kwamba anaumwa kichwa.

Akaanza kula chakula chake stoo, peke yake, kati ya majora.

Nilimfuata siku moja. "Dada, anayosema ni kweli?"

"Usiniulize wewe," alisema. "Nikikujibu, sitabaki na wa kukaa naye."

Nikaondoka na jibu langu.

Kazi ikaanza kuchelewa, maana kila jora lilitaka watu watatu. Tajiri akaja, akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hivi humu kitambaa siku hizi kinabebwa na kijiji?"

"Mwenye ufunguo ni mwongo, tajiri," alisema mkataji. "Ndiyo sababu. Nataka atolewe."

Akaeleza mchezo mzima, boksi, vifungo, kofia, mpaka yale ya stoo. Tajiri alisikiliza kama anayesikia habari za majini. Tulidhani atacheka. Hakucheka.

"Uongo wa kofia mimi haunihusu," alisema. "Lakini kama alivua, mkakubaliana ni neno la kweli, naye akadanganya ndugu yake usoni, ufunguo wangu haukai shingoni mwake. Na wewe, kama unamzushia mama wa watu, utatafuta kazi kwingine. Kesho baada ya chakula mtaniambia."

Basi mambo yakawa hivyo: mlango wa stoo ulikuwa umefungwa, hakuna shahidi, na neno moja la Kufuli lingeamua nani abaki na nani aondoke. Na sisi wote, pamoja na "umevaa au umevua" yetu yote, tulijua tajiri atamwamini yeye.

Kesho yake asubuhi mpiga pasi na Redio walimfuata stoo. Nilikuwa mlangoni na kopo langu la vifungo.

"Sikiliza, mama," alisema mpiga pasi. "Sema hukuvua. Imekwisha. Yule mtu tumemchoka sote, na leo Mungu kamleta kwenye sahani."

"Mungu msimwingize," alisema Kufuli.

"Basi sema ulikuwa umeiweka gotini," alisema Redio. "Sheria haikutaja goti. Mtu anaweza kuvaa gotini. Fundi mitambo atakubali, nimeshamuuliza."

"Umemuuliza?"

"Amesema goti ni suala gumu."

Kufuli akacheka, kicheko kifupi cha puani, akarudi kwenye bitana yake. "Nendeni mkafanye kazi."

"Lakini utasema hukuvua?"

"Nendeni."

Baada ya chakula mashine zote zilizimwa. Ukimya ule karakana yetu haijauzoea, unasikia mpaka feni. Tajiri alikaa kwenye stuli ya Redio. Mkataji akasimama akasema yake, jasho linamtiririka shingoni ingawa hakukuwa na joto. Nadhani wakati anasema ndipo alipogundua ameweka kazi yake mikononi mwa mtu anayemwita mwongo.

Tajiri akamgeukia Kufuli. "Ulivua au hukuvua?"

Kufuli alikuwa amesimama karibu na mlango wa stoo, mkono mmoja umeshika ufunguo pale kifuani. 

"Sema, shemeji!" mkataji alifoka. "Sema hukuvua, wakushangilie! Si ndicho ulichongoja? Mnafiki mkubwa wewe, miaka yote unatabasamu tu!"

"Nyamaza," tajiri alimwambia.

Mpiga pasi alimkonyeza Kufuli. Redio alijipiga goti kidogo, kumkumbusha.

"Nilivua," alisema Kufuli.

Redio alishika kichwa. "Mama wewe!"

"Nilivua, akaniuliza, nikamwambia siingii, na nilikuwa nimeshaandika naingia. Karatasi ilikuwa mfukoni." Sauti haikuwa ya Malkia, wala ile ya zamani ya kuomba radhi. "Na msiseme ni mchezo. Malkia hakuwa na ugomvi na Bonde. Angengoja siku tatu akashinda kwa njia nyingine, hesabu nilikuwa nayo. Mwenye ugomvi ni mimi. Huyu alikuja nyumbani kwangu msiba haujapoa, akachukua cherehani yangu kwa neno la marehemu ambalo marehemu hakulisema. Alinitazama machoni, mbele ya wazee. Nikataka naye aone utamu wake."

Watu ishirini wakageuka kwa pamoja kumtazama mkataji.

"Kaka aliniambia," alisema.

"Siku ipi?"

"Nini?"

"Alikuambia siku ipi, shemeji? Itaje." Miaka kumi na tisa alikuwa hajawahi kumuuliza. "Siku tatu za mwisho hakusema hata neno maji. Kabla ya hapo wewe hukufika. Taja siku."

Mkataji alitazama mkasi wake juu ya meza. "Hayo ni mambo ya ukoo," alisema. "Hayahusiani na hapa."

"Kweli ni ya ukoo," alisema tajiri, akanyanyuka. "Kayamalizeni kwenu." Akanyoosha mkono kwa Kufuli. "Ufunguo."

Redio hakuweza kuvumilia. "Tajiri! Amesema kweli, na unamnyang'anya? Angedanganya je?"

"Ningemwachia."

"Kumbe!"

"Ningemwachia, maana nisingejua. Sasa najua." Nilimwona hakupenda maneno yake mwenyewe, lakini alikuwa ameshayasema mbele ya watu ishirini na si mtu wa kurudi nyuma.

Kufuli alivua utepe. Fundo lilikuwa limeganda kwa jasho la miaka, likagoma. Nilitaka kumsaidia, akanisogeza kwa kiwiko. Alilifungua kwa meno, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha tajiri, akauliza aanze mashine ipi. Akapewa ya mikono ya mashati.

Tajiri aliamuru boksi la mchezo lichanwe siku ile ile, na fundi mitambo akalichana huku ananung'unika. Ufunguo hajampa mtu. Anakaa nao mwenyewe, na kwa kuwa anafika saa mbili na nusu, sisi tunakaa nje tangu saa mbili tukisubiri kama wagonjwa. Wenye kulaumu wanamlaumu Kufuli, si mkataji.

"Neno moja!" mpiga pasi alimwambia kesho yake, mate yanamtoka. "Neno moja tu, tungepumzika na yule mtu milele. Sasa umemweka hapa mpaka tustaafu. Ukweli wako umekusaidia nini?"

Mabinti zake nao wakamjia juu nyumbani. Yule mkubwa hajazungumza naye wiki ya pili sasa. Anasema mama yake alingoja miaka yote kufungua mdomo, na siku alipoufungua akajifunga mwenyewe. Ni maneno mazito kwa mama, nami nilimwambia hivyo yule binti, akanijibu kwa heshima na hakubadilisha mawazo.

Kwa mkataji nilitegemea afadhali. Alikuwa ameokolewa kazi na mtu aliyemtukana. Lakini binadamu hapendi kudaiwa uhai wake. Chuki ndiyo imezidi. Asubuhi ya kwanza tukiwa nje tunasubiri alimsogelea Kufuli akamwambia, "Usidhani nitakushukuru."

"Sidhani."

"Ulijionyesha tu. Mtakatifu wa mikono ya mashati."

"Siku ipi, shemeji?" alisema Kufuli.

Mkataji akageuka akaenda kusimama upande wa pili wa lango.

Kufuli sasa anashona mikono ya mashati, mashine ya mwisho, inayotazamana na meza ya kukatia. Kila asubuhi akipita kwenda kukaa, anasimama mbele ya meza ile na kuuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza saa: "Siku ipi, shemeji?" Hatukani, hapazi sauti. Anangoja kidogo, jibu halitoki, anakwenda kukaa. Mara nyingine mkataji anafoka, mara nyingine anajifanya anaimba. Siku moja alimrushia chaki, ikampata begani. Kufuli aliiokota akairudisha mezani, akauliza tena.

Nimemsihi aache. Nimemwambia mimi nawaombea wote wawili kila alfajiri, na dua yangu inakwama kwenye hilo swali.

"Akitaja siku nitaacha," alisema. "Hata akitaja ya uongo, nitajua anaifahamu kuwa ni ya uongo. Si kubwa ninaloomba."

"Na akisema hakuambiwa?"

 Aligeuza mkono wa shati, akaangalia mshono.

Jana alimuuliza kama kawaida. Mkataji hakufoka wala kuimba. Alitandaza kitambaa, akachora, akakata, na alikuwa anakata kwa haraka kama anayefukuzwa. Mikono ya shati hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, ili upate wa kushoto na wa kulia kwa pamoja, na hata mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo. Yeye hakukunja. Fungu lilipomfikia Kufuli, alilifungua, akalihesabu, akaliinua juu tukaona wote: mikono sitini, yote ya kushoto.

Hakuna aliyecheka. Tajiri aliitwa. Alikuja, akaitandaza mikono ile mezani mmoja mmoja, uso umemvimba.

"Miaka ishirini na tano unakata," alimwambia mkataji. "Una nini? Kuna mtu alikuwa anakusemesha?"

Mkataji alimtazama Kufuli, na Kufuli akamtazama yeye.

"Hakuna," alisema mkataji.